Tabibu Yupo, Mgonjwa Yupo, Kazi Haipo

Hotuba ya mahafali ya chuo cha utabibu nchini Kenya unaweza kuikariri hata kama hukualikwa. Mgeni wa heshima, mara nyingi mbunge au katibu wa wizara, husimama mbele ya vijana waliovaa majoho na kuwaambia kwamba zama za kusubiri ajira ya serikali zimepita. Sera zimebadilika, asema. Bima mpya ya afya imeanza, Ulaya inatafuta watu, na kijana mwenye diploma ya afya ambaye bado anakaa kwao basi amependa mwenyewe kukaa. Wazazi hupiga makofi. Karo wameshalipa, wangefanya nini tena?

Rai hii haiko vinywani mwa wanasiasa pekee. Imo kwenye tahariri, kwenye mahubiri ya Jumapili, kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo ambako mjomba asiyewahi kuingia maabara humshauri mpwa wake aliyesomea maabara. Inawalenga maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara, wapiga eksirei, wateknolojia wa dawa, wataalamu wa lishe na wa fiziotherapia, na maafisa wa afya ya umma. Hili ni lile kundi la kada za afya ambalo si madaktari wala wauguzi, na ambalo hutajwa baada ya hao wawili, tena kama muda unaruhusu.

Tuitendee haki rai yenyewe kabla ya kuigusa. Wanaoitetea hawasemi hewani. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo: ya huduma ya afya ya msingi, ya bima ya afya ya jamii, ya afya ya kidijitali, na ya fedha za kuboresha vituo. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa ya hospitali. Julai 2021 Kenya ilitiliana saini na Uingereza makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na Septemba 2024 ikatia saini mengine na Ujerumani kuhusu wahamiaji wenye ujuzi. Wanaongeza kwamba hakuna serikali inayoweza kumwajiri kila mhitimu, na hapo siwapingi. Kwa hiyo, wanasema, kijana ana njia tatu: aingie kwa kandarasi, afungue kliniki yake ilipwe na bima, au apande ndege. Atakayezikosa zote tatu asimlaumu mtu.

Nimeikubali rai hiyo kwa muda wa aya moja. Sasa tuifuate hadi inakotupeleka.

1. Upungufu wenye sauti mbili

Serikali ikizungumza na wafadhili, Kenya ina upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Ikizungumza na wahitimu, soko limejaa. Mama wa Turkana anayetembea nusu siku kufika zahanati na kumkuta mhudumu mmoja hana njia ya kujua kama yuko katika nchi yenye upungufu au yenye ziada.

Hata kipimo kinachonukuliwa sana kwenye mikutano kinawaacha nje watu ninaowazungumzia. Shirika la Afya Duniani lilipoweka kiwango cha wahudumu 4.45 kwa kila watu 1,000 mnamo 2016, lilihesabu madaktari, wauguzi na wakunga. Anayetazama vijidudu vya malaria kwa hadubini hayumo. Anayepima makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu hayumo. Anayehakikisha kuwa damu anayoongezwa mama aliyetoka kujifungua ni ya kundi lake hayumo. Na asiyehesabiwa kwenye upungufu hatengewi nafasi kwenye bajeti.

Tuje kwenye bajeti, maana ndiko jambo lilikolala. Huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinataka gharama ya mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nia ya kanuni hiyo naielewa; hakuna anayetaka kaunti inayolipa mishahara na kukosa hela ya dawa. Lakini kanuni haimtofautishi mpimaji damu na mshauri wa tano wa gavana. Kaunti ikifika ukingoni, tangazo la kazi za maabara ndilo linaloahirishwa. Zahanati mpya inajengwa, inapakwa rangi, inazinduliwa kwa ngoma, kisha inafungwa kwa kufuli hadi mwaka mwingine wa fedha.

Huku kufuli likining'inia, vyuo vinaongezeka. KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya tiba kilichoanza 1927, sasa kina kampasi zaidi ya 70. Mbunge ambaye eneo lake halina kampasi hujiona yatima. Fedha za maendeleo ya eneobunge hujenga madarasa na mabweni, utepe unakatwa, picha zinasambaa. Sijapata kuona mbunge akikata utepe wa nafasi za kazi za watakaotoka humo. Kampasi ni sifa ya mbunge, ajira ni kero ya gavana, karo ni deni la mzazi aliyeuza ng'ombe. Hivi ndivyo taifa moja linavyoweza kuzalisha wataalamu na kulalamikia uhaba wao kwa wakati mmoja, bila mtu yeyote kuona haya.

2. Kandarasi, au sanaa ya kutoajiri

Njia ya kwanza waliyoonyeshwa vijana ni kandarasi. Anza popote, wanaambiwa, uzoefu utakufungulia.

Mwaka 2020, korona ikiwa imeshika kasi, serikali kuu iliajiri wahudumu zaidi ya 8,000 wa kada mbalimbali kwa kandarasi ya miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Waliingia wodini wakati wenye hofu walikuwa wakikimbia kutoka. Waliitwa mashujaa, neno ambalo serikali hulitumia ikiwa haina nia ya kulipa. Miaka mitatu ikaisha, kandarasi zikaongezwa. Kufikia 2025 mashujaa wale walikuwa wamepiga kambi mbele ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, kwa wiki nyingi, wakidai masharti ya kudumu yenye pensheni na malipo ya mwisho wa kandarasi waliyoahidiwa. Wizara ilisema ni watu wa kaunti. Magavana wakasema hawawapokei bila fedha zao. Wakati huo wote mgonjwa alikuwa akihudumiwa, au hakuhudumiwa, na mtu ambaye ngazi mbili za serikali zilikuwa zikimsukuma kila moja kwa mwenzake.

Sasa niwaulize waliosema uzoefu hufungua milango: miaka mitano ya kazi iliyoanza wakati wa janga inafungua upi, kama si lango la wizara ambalo walilikuta limefungwa?

Gharama ya mpango huu haionekani kwenye vitabu, ndiyo maana unapendwa. Mwenye kandarasi anapiga zamu ya usiku sawa na mwenzake wa kudumu, anashika sindano ileile, anaambukizwa yaleyale, lakini mshahara wake uko chini sana. Hapandi cheo. Akienda benki kuomba mkopo wa kiwanja anaulizwa barua ya ajira inakwisha lini. Akitaka kwenda kusomea stashahada ya juu ya nusu kaputi au ya macho hana likizo ya masomo, kwa hiyo hospitali nayo haipati mtaalamu. Kaunti inadhani imeokoa pensheni. Imepoteza mtu ambaye baada ya miaka kumi angekuwa ndiye anayewafundisha wengine.

Kuna kandarasi nyingine ambayo hatukutaka hata kuitazama usoni: ile ya mfadhili. Tangu mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uanzishwe 2003, sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini imeendeshwa na watu waliolipwa na miradi: washauri wa upimaji, watu wa maabara, maafisa wa kliniki, makarani wa takwimu. Walikaa ndani ya hospitali za umma, wagonjwa wakawajua kwa majina, serikali ikazoea kuwaona kama zawadi isiyo na mwisho. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada yake ya nje, na wengi wakaambiwa wasije kazini kesho. Miaka zaidi ya 20 ya fursa ikaisha kwa barua moja iliyoandikwa mbali, na kaunti zikagundua kwamba wale vijana hawakuwahi kuwa kwenye orodha yao ya wafanyakazi.

3. "Jiajiri"

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa haimgharimu anayeitoa chochote.

Mchukue afisa wa kliniki. Amesoma, amefanya mafunzo ya vitendo, ana leseni ya Baraza la Maafisa wa Kliniki chini ya sheria yao ya 2017, na sheria inamtambua kuwa mtabibu anayeweza kuendesha kituo binafsi. Anakodi vyumba viwili karibu na stendi. Anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Kituo kinahitaji kusajiliwa. Akiweka chumba cha maabara, bodi ya maabara inamtaka. Akiweka dawa, bodi ya famasia inamtaka. Akithubutu kuweka mashine ya eksirei, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia inamtaka pia. Kila mmoja wa hao ana sababu nzuri na kila mmoja ana ada. Sitaki kliniki zisizokaguliwa, na wewe msomaji hutaki. Ninachosema ni kwamba aliyeambiwa "jiajiri" hakupewa hesabu hii pamoja na cheti.

Haya, amelipa zote. Sasa angoje bima imlipe. Mwanzoni mwa 2025 maafisa wa kliniki walikuwa barabarani na kwenye mgomo wakilalamika kwamba mfumo wa SHA umewafungia nje: vituo wanavyoviendesha havitambuliwi ipasavyo, na huduma wanazozitoa kila siku hazikubaliwi kwa malipo kwa sababu si daktari aliyeziidhinisha. Itazame hali hiyo vizuri. Sheria moja ya nchi inamwambia ana haki ya kutibu. Mfumo uliozaliwa na sheria nyingine ya nchi hiyohiyo ulimwambia akishatibu asilete ankara. Mgeni wa heshima wa mahafali hakuligusia hilo.

Na hata wale waliofunguliwa mlango hawakuona pesa haraka. NHIF ilikufa ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Machi 2025 Rais aliagiza wanaodai shilingi milioni 10 au chini ya hapo walipwe, na wenye madai makubwa zaidi wahakikiwe. Agizo ni jambo moja, na hundi ni jambo jingine. Mwenye hospitali ya vitanda 100 anaweza kukopa akisubiri. Mwenye vyumba viwili karibu na stendi anafunga.

Asipofunga, anaponea wapi? Hapa pana jambo ambalo watetezi wa kujiajiri hawalitaki mezani. Kliniki ndogo haiishi kwa ada ya kumwona mgonjwa. Mgonjwa wa kijijini hakubali kulipia maneno. Inaishi kwa dawa inazouza. Kwa hiyo tabibu ambaye riziki yake imo kwenye rafu ya dawa anaombwa, kila saa ya siku, aamue kama mtoto mwenye mafua anahitaji antibiotiki. Wengi wao ni watu waaminifu na huamua vyema. Lakini sera inayomfanya mtu apoteze hela ya kodi ya nyumba kila anapoamua vyema ni sera ya ovyo, na usugu wa dawa unaotokana nayo tutaulipia sote, pamoja na wenye bima za kifahari.

Halafu kuna kada ambazo kuziambia zijiajiri ni mzaha mtupu. Afisa wa afya ya umma ajiajiri vipi? Akague vyoo vya soko kwa ada ya mwenye choo? Mtaalamu wa lishe afungue ofisi Mandera awatoze wenye njaa? Kazi hizi zinafaa kwa sababu zinamlinda mtu asiyezilipia. Ukiziachia soko zinakufa, na kipindupindu kikija ndipo tunapokumbuka kumtafuta bwana afya.

4. Tiketi ya ndege

Anayeondoka simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni anayeugeuza uwanja wa ndege kuwa sera ya ajira.

Makubaliano ya 2021 na Uingereza yalishangiliwa kana kwamba ni ya kila aliyevaa koti jeupe. Kwa sehemu kubwa yalihusu wauguzi, na hata kwao mambo hayakuwa mteremko: Oktoba mwaka uleule waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Afisa wa kliniki hana hata mtihani wa kushindwa. Uingereza haina kada yenye jina lake; diploma yake iliyoandaliwa kwa ajili ya zahanati ya Kenya haina dirisha la kuisajili kule kama ilivyo. Mtaalamu wa maabara, wa fiziotherapia au wa eksirei ana chombo cha kumsajili, lakini kila cheti chake kitapimwa upya, kwa ada yake mwenyewe na kwa muda wao.

Ndiyo maana wapo waliopanda ndege wakiwa matabibu na kushuka wakiwa walezi wa wazee. Ni kazi ya heshima. Ila hatukutumia miaka mitatu kumfundisha mtu kugundua homa ya uti wa mgongo ili akabadilishe mashuka Birmingham. Na hata huo mlango haukudumu: tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilisitisha kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi. Mjadala ulifanyika London, wapiga kura waliozingatiwa ni wa London na Leeds, na kijana wa Kakamega aliyekuwa ameshalipa wakala akasoma habari hiyo kwenye simu. Nchi inayoweka mpango wake wa ajira ndani ya siasa za uhamiaji za nchi nyingine haina mpango.

5. "Wao ni wasaidizi tu"

Chini ya hoja hizi zote kuna imani ambayo haisemwi waziwazi: kwamba watu hawa ni wa kushikilia nafasi hadi madaktari watoshe. Msaidizi anaweza kungoja, kulipwa nusu, kusahauliwa. Mnamo 2024 madaktari waligoma kwa siku 56 na nchi nzima ikahesabu nao. Maafisa wa kliniki waliendelea na mgomo wao wiki nyingi baada ya madaktari kurudi kazini, na magazeti yakawa yameshageukia mambo mengine.

Ushahidi hauko upande wa imani hiyo. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi mnamo 1963, watu waliotokea kwenye utabibu wakaongezewa ujuzi hadi wa upasuaji. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa namna ya maana na ya madaktari kamili. Hapa Kenya, maafisa wa kliniki wenye mafunzo maalum huondoa mtoto wa jicho, na wengine ndio wanaotoa nusu kaputi katika hospitali ambazo bila wao chumba cha upasuaji kingekuwa stoo.

Wizara inalijua hilo. Ndiyo maana ina sera ya kugawana majukumu, ya 2017 hadi 2030, inayoteremsha kazi kutoka kada za juu kwenda za chini. Kazi imeteremka kweli. Mamlaka ya kusaini fomu ya bima yamebaki juu, na mshahara haujasogea popote.

Kwa wenye kudhani kwamba vifaa vitafidia watu, wakumbuke mpango wa kukodi vifaa vya hospitali ulioanza 2015, angalau hospitali mbili kwa kila kaunti. Malipo ya kila kaunti yalipanda kutoka shilingi milioni 95 hadi milioni 200 kwa mwaka, yakikatwa kabla fedha hazijafika. Kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti 2020: mahali kadhaa mashine zilikaa bila kazi, pengine hakuna umeme, pengine hakuna maji, pengine hakuna mtu wa kuziendesha. Kaunti ililipia eksirei bila mpiga eksirei, wakati mpiga eksirei yuko nyumbani akishauriwa ajiajiri.

Kwa hiyo mgeni wa heshima akirudi tena mwaka huu, mzazi asipige makofi kabla hajauliza. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Nenda ukumbini. Mwulize mwakilishi wadi wako nafasi ngapi za kudumu za maafisa wa kliniki, za maabara na za eksirei zimo kwenye makadirio hayo, katika zahanati zipi, na zimetengewa shilingi ngapi. Akianza kukueleza habari za fursa, mrudishe kwenye swali.